Si ya baridi, si ya moto: namna ya kuonja laga yenye hopsi nyingi

Kila nikikaa meza moja na mtu anayeonja laga ya hopsi, yaani bia iliyotiwa kwa wingi ua linaloipa uchungu na harufu, kwa mara ya kwanza, maswali ni yaleyale. "Mbona chungu hivi, imeharibika?" "Mbona inanukia maua, wametia marashi?" "Mbona ina ukungu?" Na akishaona bili: "Hii ina tofauti gani na ile ninayokunywa kila siku?" Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa nayaandika, kwa hatua, ili ukiingia kwenye baa inayopika bia yake yenyewe ujue pa kuanzia.

Nimeandika nikiwa Dodoma na kwa ajili ya mtu wa Dodoma. Iwe bia hiyo umeikuta hapa mjini, iwe umepanda SGR ukaenda kuitafuta Dar, unakwenda na mazoea ya hapa: jua kali, vumbi la kiangazi, na lile swali la mhudumu, "Ya baridi au ya moto?" Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza wengi, kuliko ulimi wao.

Kama hujafikisha miaka 18, mwongozo huu si wako. Kama una mimba, unatumia dawa kama metronidazole, au wewe ndiye utakayeendesha gari kurudi, kuonja kungoje siku nyingine.

Maelezo machache kwanza

Bia ina vitu vinne: maji, nafaka iliyooteshwa, hamira na hopsi. Nafaka iliyooteshwa tunaijua, ndicho kimea. Bibi zetu huloweka mtama, wakauacha uchipue, wakauanika na kuusaga kwa ajili ya pombe. Kwenye laga kimea huwa ni cha shayiri, lakini kazi ni ileile.

Kigeni kwetu ni hopsi. Ni ua la kijani lenye umbo la koni ya msonobari, kutoka kwenye mmea unaopanda juu ya kamba ndefu. Unapenda nchi zenye majira ya baridi na siku ndefu za kiangazi: Ujerumani, Cheki, Marekani, na kwa bara letu eneo la George kule Afrika Kusini. Ukilichemsha muda mrefu linatoa uchungu. Ukilitia mwishoni mwa kuchemsha, au ukililoweka kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, linatoa harufu. Laga za kawaida hupewa hopsi kidogo tu, ya kukata utamu. Hii unayokwenda kuonja imepewa hopsi ili uisikie.

Na laga ni nini? Ni bia iliyochachushwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi, takriban nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, kisha ikalazwa kwenye baridi zaidi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ladha yake ni safi, haina mambo mengi ya hamira. Wala usidhani laga chungu ni mtindo wa vijana wa juzi. Laga ya dhahabu ya kwanza ya aina ya pilsner ilipikwa mji wa Plzeň, katika Cheki ya leo, mwaka 1842, na ilikuwa na hopsi za kutosha tangu siku hiyo.

Andaa haya kabla hujaagiza

- Pua iliyo wazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unajaza vumbi puani bila wewe kujua. Nenda msalani, penga kamasi, nawa uso. Ukiwa na mafua, ahirisha.
- Maji ya kunywa ya chupa, yasiyo baridi sana. Maji ya bomba ya maeneo mengi hapa yana chumvichumvi inayobaki mdomoni.
- Kitu kikavu cha kusafisha ulimi: mkate mweupe, au karanga zisizotiwa chumvi.
- Glasi, hata kama bia ni ya kopo. Hili halina mjadala.
- Kalamu na karatasi, au simu.
- Mwili usio na manukato. Ukijipulizia marashi, au shati lako limefukizwa udi, utanusa shati.
- Tumbo lenye chakula, lakini chakula kisiwe kimemalizika dakika tano zilizopita. Acha nusu saa ipite.

Pilipili ni adui. Ukishakula mishkaki yenye pilipili ya kukamua, ulimi unawaka, na uchungu wa hopsi unauongezea moto. Nyama ije baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kiti kisichopigwa na jua.

Hili naliweka la kwanza kwa sababu liliwahi kunitia aibu. Nilikuwa nimekaa bustanini, saa saba mchana mwezi wa kumi, glasi iko juani kabisa. Funda la tatu nikasikia harufu ya kicheche. Nikamwita fundi aliyepika bia, nikamwambia mbele ya watu kwamba bia yake imeoza. Hakubishana. Akaniomba niingie ndani, akanimiminia nyingine kutoka pipa lilelile. Ilikuwa safi kama maji ya mvua. Jua ndilo lililofanya kazi ile: mwanga unagonga vitu vya hopsi vilivyomo kwenye bia na kuvigeuza kuwa harufu ile mbaya, na kwenye glasi iliyo wazi ni suala la dakika tu. Kadiri bia inavyokuwa na hopsi nyingi ndivyo hatari inavyozidi. Ndiyo sababu chupa za kahawia ni bora kuliko za kijani au zisizo na rangi, na kopo ni bora kuliko zote.

Kwa hiyo kaa ndani, au chini ya mti wenye kivuli kizito. Na usikae karibu na jiko la nyama, moshi utakumalizia pua.

2. Muulize mhudumu maswali matatu.

"Dada, hii imepikwa lini? Ina hopsi gani? Kilevi chake asilimia ngapi?"

La kwanza ndilo kubwa. Harufu ya hopsi ni kitu cha kupita, miezi kadhaa tu hasa pakiwa na joto, nayo imeondoka. Kinachobaki ni uchungu mtupu. Ikiwa ni ya kopo, tafuta tarehe chini ya kopo. La tatu ni kwa usalama wako, kwani nyingi huwa kati ya asilimia 4.5 na 6. Mhudumu akikuambia hajui, mwombe kwa upole amwite anayejua. Kwenye baa inayopika yenyewe fundi huwa hayuko mbali, na mara nyingi anafurahi kuulizwa.

Ukiona namba ya IBU ubaoni, hicho ni kipimo cha uchungu. Laga nyepesi nyingi ziko karibu na 10. Pilsner za Ujerumani na Cheki ziko kati ya 22 na 45. Namba isikutishe, maana kimea kikiwa kingi huufunika uchungu.

3. Agiza kidogo, na agiza mbili.

Baa za namna hii huwa na glasi ndogo za kuonjea, zinazoletwa juu ya ubao, mililita 100 hadi 150 kila moja. Agiza ya hopsi na pembeni yake laga ya kawaida. Ulimi haujui kupima kitu peke yake, unajua kulinganisha. Anza na ile ya kawaida. Ukianza na ya hopsi, hiyo nyingine utaiona maji.

Mhudumu akikuuliza ya baridi au ya moto, mwambie: "Ya baridi, lakini glasi isitoke kwenye friza." Glasi iliyoganda barafu ni kosa la watu wengi na baadhi ya baa wanaliona ni heshima kwa mgeni. Barafu ile inayeyuka ndani ya bia, na ubaridi unaifunga harufu.

4. Kagua glasi.

Iinue kwenye mwanga. Bia ikishamiminwa, ukiona mapovu yameganda pembeni ya kioo kama upele, glasi ina mafuta au mabaki ya sabuni. Omba nyingine. Rangi ya midomo na mafuta ya chipsi navyo huua povu, kwa hiyo futa midomo.

5. Mimina kwa nguvu kidogo.

Kama bia ni ya kopo au chupa, inamisha glasi, mimina hadi nusu, kisha isimamishe na umalizie katikati ili povu lipande vidole viwili. Tumezoea kumimina kwa kuviziavizia tukiogopa povu, kana kwamba tunapunjwa. Povu la laga ya hopsi ndilo linalobeba harufu hadi puani.

6. Tazama, lakini usikae hapo.

Rangi ya majani makavu hadi dhahabu ni sawa. Ukungu kidogo ni sawa, maana bia nyingi za viwanda vidogo hazichujwi, na hopsi zenyewe huacha utusitusi. Vipande vinavyoelea ndivyo vya kuulizia. Endelea.

7. Nusa kabla hujanywa.

Zungusha glasi taratibu mara mbili, ingiza pua, vuta pumzi fupi mara tatu kama mbwa anayefuata nyayo. Usivute moja ndefu, pua inachoka. Ikichoka, nusa kiwiko chako mwenyewe, kisha rudi.

Sasa taja unachokisikia. Hapa ndipo watu hukwama na kusema "inanukia bia tu." Usitafute maneno ya vitabuni. Tafuta sokoni Majengo, tafuta shambani kwenu:

Ni maganda ya chungwa au ya ndimu? Ni balungi? Hopsi ya Marekani iitwayo Cascade inajulikana kwa hilo. Ni embe lililoiva, pasheni, pera? Huenda ni Citra au ndugu zake. Ni majani mabichi yaliyokatwa asubuhi, mchaichai, pilipili manga kwa mbali? Hiyo ni njia ya hopsi za Ulaya, kama Saaz ya Cheki. Ni utomvu wa msonobari, au ubani kabla haujachomwa? Nayo ni hopsi.

Mtu wa Dodoma ana jambo moja la kumfaa hapa. Kuna hopsi ya New Zealand iitwayo Nelson Sauvin, iliyopewa jina hilo kwa kuwa harufu yake inakumbusha mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc. Kama umewahi kusimama karibu na zabibu zikikamuliwa, Hombolo au Mpunguzi, pua yako inaijua harufu hiyo tayari. Nimemwona mkulima wa zabibu akiitambua kwa mnuso wa kwanza wakati sisi wengine mezani tunabishana.

Chini ya hopsi tafuta kimea: mkate mpya, biskuti, nafaka iliyokaangwa kidogo. Kikiwapo, bia ina msingi.

8. Funda la kwanza, usitoe hukumu.

Chukua funda la kijiko kimoja cha chakula, lizungushe mdomoni, meza. Limekwenda kuuamsha ulimi tu. Mtu akikuuliza "vipi?" mwambie asubiri. Waonjaji wa mvinyo hutema. Kwenye bia tunameza, kwa kuwa uchungu wa hopsi unachelewa kufika na unamalizikia kooni.

9. Funda la pili, fuata mfuatano.

Kwanza utamu wa kimea. Kisha kitu cha matunda au majani. Mwisho uchungu. Hesabu kimoyomoyo uchungu unakaa muda gani, na uwe mwaminifu kuhusu ni uchungu wa aina gani. Uchungu wa ganda la balungi unakuja, unasafisha mdomo, unaondoka, na unakufanya utake funda jingine. Uchungu wa muarobaini unakaa na kukwaruza. Wa kwanza ni kazi nzuri. Wa pili ni hopsi iliyozidi au iliyotumika vibaya, na una haki ya kusema hujaipenda.

Toa pumzi kwa puani ukishameza. Harufu nyingine hurudi kwa njia hiyo, na mara nyingi ndiyo nzuri kuliko ile ya mwanzo.

10. Weka glasi chini. Subiri.

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Bia ikitoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 2 au 3, inachokupa ni ubaridi. Kwa mtu aliyetoka juani ni raha, sikatai, lakini raha hiyo ungeipata hata kwa maji. Hopsi huanza kufunguka ikifika karibu nyuzi 6 hadi 8. Kwa joto la Dodoma glasi ndogo inafika hapo upesi, dakika tano hadi nane, na ukiishika kwa viganja ni chini ya hapo. Si ya baridi, si ya moto.

Nusa tena. Utakuta kitu ambacho hakikuwapo. Embe limetoka, au majani yamekuwa maua. Kunywa. Linganisha na funda la kwanza. Watu wengi niliowaketisha walioanza kwa kukunja uso walibadilika hapa, bila mimi kusema neno.

Usipitilize. Ikifika nyuzi 14 na kuendelea gesi inakimbia, utamu unakuwa mzito, na kasoro zote zinajitokeza. Mzee anayependa bia yake ya moto asilazimishwe kubadili, lakini laga hii haikupikwa kwa ajili hiyo.

11. Andika mistari mitatu.

Jina na tarehe. Harufu mbili ulizozisikia. Aina ya uchungu. Basi. Ukiandika kumi hivi utaanza kujua unapenda nini, na siku nyingine utaagiza kwa kujua badala ya kukisia.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuanza na bia nne kwa mkupuo. Uchungu hulundikana ulimini, na kufikia ya tatu huonji tena, unakunywa. Mbili zinatosha kikao kimoja, tatu ukiwa na maji na mkate katikati.

Kumfuata msemaji wa mezani. Mmoja akisema "pasheni," wote wanasikia pasheni. Andikeni kila mtu kwake kwanza, ndipo mzungumze.

Kutia ndimu au barafu. Kwa bia nyingine sawa. Kwa hii umefuta kazi ya fundi.

Kudhani chungu zaidi ndiyo bora zaidi. Hapana.

Mambo yakienda kombo

*Sisikii harufu yoyote.* Sababu ya kwanza ni baridi, ishike glasi kwa viganja. Ya pili ni pua yenye vumbi. Ya tatu ni bia ya zamani. Funika glasi kwa kiganja sekunde kumi, fungua, nusa papo hapo. Ikiwa bado kimya, hopsi imeshaondoka.

*Inanuka boksi lililolowa, au karatasi kuukuu.* Hewa imeingia, au imekaa kwenye joto. Kopo lililosafirishwa kwenye buti la gari kutoka Dar mchana kutwa hupata hili.

*Inanuka siagi au bisi.* Haikupewa muda wa kutosha kulala na hamira yake. Laga haitaki haraka.

*Inanuka mahindi ya kuchemsha au kabichi.* Kasoro ya upishi, hasa kuchemsha kusikotosha. Kidogo sana huvumilika.

*Ni chachu kama siki.* Laga haipaswi kuwa chachu. Mara nyingi mipira ya bomba la kaunta haijaoshwa. Iliwahi kunitokea kwenye baa moja. Nikairudisha, wakaniambia ndivyo craft, yaani bia za viwanda vidogo, zilivyo. Sivyo. Rudisha kwa heshima, eleza ulichokisikia, omba ujaribu ya kopo.

*Ina ladha ya damu au sarafu.* Ni chuma, kutoka kwenye vifaa au maji.

*Kicheche.* Hama kivulini, agiza glasi mpya.

*Nimefuata yote na sijaipenda.* Jaribu moja tu kabla hujakata tamaa: inywe pamoja na mbuzi choma mwenye mafuta, chumvi kidogo, bila pilipili. Uchungu unakata mafuta, mafuta yanapoza uchungu. Ukiona bado, basi si yako, rudi kwenye unayoipenda bila kuomba radhi.

Zoezi la nyumbani

Ukibeba makopo kurudi nayo Dodoma, yaweke kwenye boksi la barafu njiani na kwenye friji ukifika; usiyaache dirishani. Kisha jioni moja, jua likishazama, chukua kopo moja na glasi mbili zinazofanana. Mimina nusu kwenye glasi ya kwanza, uionje hapohapo ikiwa na ubaridi wa friji, na uandike. Nusu iliyobaki iweke kwenye glasi ya pili, juu ya meza, dakika kumi kwa saa, ndipo uionje na kuandika. Mpe na jirani zote mbili bila kumwambia ni kopo moja, na muulize ipi ina hopsi nyingi.